Mlima Uliohamia Kilwa

Mwaka juzi nilifikia katika hoteli moja ya Kilwa Masoko, ambayo jina lake naliacha, na kwenye ukuta wa mapokezi nikaona bango kubwa lililoandikwa KILWA kwa herufi za mtindo wa zamani. Limechorwa Gereza la Kisiwani, kando yake mnazi ulioinama, mbele yake bahari ya rangi ya feruzi na jahazi moja lenye tanga jeupe. Mtu hakuna. Na nyuma ya Gereza, mahali ambapo mimi najua pana mibuyu, vijia na nyumba za watu, umesimama mlima mrefu wenye theluji kileleni.

Nilimwuliza kijana wa mapokezi mlima ule umetoka wapi. Aliniamkia kwanza, kama alivyofunzwa kwao, kisha akalitazama bango kana kwamba ndiyo siku ya kwanza analiona.

"Babu, ile ni picha ya zamani," alisema. "Wageni wanaipenda sana. Wengine wanapiga nayo picha kabla hata hawajavuka kwenda Kisiwani."

Haikuwa ya zamani. Nilisogea nikaigusa. Karatasi ilikuwa mpya, imechapwa kwa kompyuta, na yale madoa ya uzee pembezoni yalikuwa yamechapwa pamoja na picha. Toka Kilwa hadi Kilimanjaro, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 600. Nilicheka, nikachukua ufunguo wangu, nikaenda kulala. Lakini usingizi ulichelewa, na tangu siku ile jambo hili halijanitoka moyoni. Basi acha nilitoe hapa.

Nikiri mapema, maana nitasema maneno makali: mimi nayapenda mabango ya safari ya zamani. Nimeyapenda tangu nikiwa na miaka tisa. Pale Lindi, karibu na bandari, palikuwa na ofisi ya wakala wa meli ambako baba alikuwa akinituma kupeleka barua. Nyuma ya kiti cha karani palibandikwa bango la kampuni ya Union-Castle. Meli zake zilipakwa rangi ya zambarau hafifu ubavuni, na dohani zake zilikuwa nyekundu zenye utepe mweusi juu. Sikuwa nimewahi kuona meli ya zambarau, wala sikujua kwamba meli inaweza kuwa na rangi ya ua. Nilisimama pale mpaka karani akaniuliza kama nimepigiliwa misumari. Nikarudi nyumbani, nikaichora meli ile nyuma ya kalenda kwa mkaa na buluu ya kufulia, nikapigwa kwa kuimaliza buluu.

Nilipokuwa mtu mzima, mwalimu wa shule, ndipo nilipoelewa kwa nini lile bango lilinishika hivyo. Wachoraji wa zama zile walibanwa na mtambo. Katika uchapaji wa lithografia kila rangi ilitaka jiwe lake, na baadaye bamba lake la madini, na kila jiwe lilikuwa gharama na kazi. Kwa hiyo mchoraji hakuweza kumwaga rangi ovyo. Alipewa nne, tano, pengine saba, akaambiwa asimamishe mtu anayekimbilia treni. Ilimbidi aamue jambo moja tu la kusema, na mengine yote ayaache. Tazama alivyofanya Cassandre, Mfaransa aliyechora bango la meli Normandie mwaka 1935. Ameichora kutoka chini, mbele kabisa, omo likiinuka kama jabali, na kwenye usawa wa maji akaweka ndege wadogo wanaoruka. Basi. Hakuchora vyumba, wala mabwawa ya kuogelea, wala chakula. Vile vindege peke yake vinakwambia meli ni kubwa kiasi gani. Au tazama alama aliyobuni Theyre Lee-Elliott mwaka 1932 kwa ajili ya shirika la ndege la Imperial Airways: mistari michache iliyokatwa kwa pembe, na tayari una ndege anayepaa. Ujasiri wa kuacha ndio uliowapa uzuri wao, na huo ni uzuri wa kweli. Atakayeniambia kwamba ni hila tu ya wafanyabiashara nitamwambia akachore yeye.

Sasa nije kwenye ugomvi wangu.

Shirika hilohilo la Imperial Airways lilifika Lindi. Vijana wengi wa leo hawalijui hilo. Mwaka 1937 lilianza safari za ndege kubwa za kutua majini, kutoka Southampton mpaka Durban, zikipitia Misri, zikifuata mto Nile na Ziwa Viktoria, kisha Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, halafu Msumbiji. Zilibeba abiria wachache wenye fedha na magunia ya barua, kwa kuwa mwaka uleule ulianza mpango wa kupeleka barua kwa ndege katika himaya ya Uingereza bila malipo ya ziada. Baba alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Alinisimulia mara nyingi jinsi ghuba ya Lindi ilivyopigwa na ndege ile ikitua, mawimbi yakainua ngalawa zilizofungwa ufukweni na kuzigonganisha, na wazee wakatoka mbio kushika kamba zao huku wakiitukana. Alisimulia harufu ya mafuta. Alisimulia mzungu mmoja mwanamke aliyeshuka akiwa amefunga kitambaa kichwani, akatapika baharini, kisha akawapungia watoto mkono kwa adabu kabisa.

Mabango ya ndege hizo nimeyaona katika vitabu. Ni mazuri: mabawa, anga, mstari mwekundu unaoshuka barani Afrika. Katika ramani za njia ile jina la Lindi limo, nukta na herufi tano. Hiyo nukta ni baba na wazee waliokuwa wakishika kamba. Sijapata kuona bango la zamani ambalo mtu wa pwani yetu amechorwa kama mtu anayekwenda mahali, mwenye tiketi, mwenye haraka, mwenye kichefuchefu. Akiwamo, basi yumo kama mnazi ulivyomo. Uzuri wa mabango yale ulitokana na kuacha, nami nausifu. Lakini walipokuja kuchagua cha kuacha, walituacha sisi.

Na haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1572, mjini Cologne, Ujerumani, kilichapwa kitabu cha picha za miji ya dunia cha Braun na Hogenberg, na ndani yake imo Kilwa, imeandikwa Quiloa, katika ukurasa mmoja na Aden, Mombasa na Sofala. Nakala zake huuzwa mpaka leo kwa wapenda picha za kale. Humo Kilwa ni mji, nyumba zimesongamana ufukweni. Fundi aliyeichonga picha ile akiwa mbali huko Ulaya alijua walau hili, kwamba mahali penye jina pana watu. Miaka mia tatu na zaidi baadaye wachoraji wenye vifaa bora na meli za kuwaleta mpaka bandarini wakaona ufukwe mtupu. Kuanzia kuonekana mji mpaka kuonekana mnazi, huko si kuendelea kwa sanaa. Katikati yake zilipita biashara ya watumwa ya Kilwa Kivinje, mizinga ya Wajerumani na kamba za kunyongea. Mtu aliyekwisha kutawaliwa hachorwi tena akiwa na mji wake.

Katika miaka ya 1926 hadi 1933 Uingereza ilikuwa na bodi maalumu ya kutangaza bidhaa za himaya yake. Mabango yake si ya utalii hasa, lakini ni ndugu wa damu, maana yaliwauzia watu waliokaa London sura ya nchi za mbali. Mchoraji Adrian Allinson aliichorea mawili yanayokwenda pamoja: usafiri wa Afrika Mashariki wa kizamani, na usafiri wake wa kisasa. Katika la kwanza wamo wapagazi na mizigo yao. Katika la pili, magari. Ni kazi ya mtu anayejua rangi, siwezi kukana. Lakini mtu wa Lindi akiwatazama wapagazi wale atakumbuka jambo ambalo mnunuzi wa London hakuambiwa. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi mikubwa ya kale pale Tendaguru, bara ya Lindi, na mifupa ile ilibebwa na watu kwa miguu mpaka bandarini. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Mwaka 1937, mwaka uleule ambao baba aliona ndege ikitua, mjusi mmoja wa Tendaguru alisimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, urefu wake kwenda juu ukipita meta 13, na mpaka leo yupo hapo watu wanakwenda kumtazama. Safari kubwa kama ile haijawahi kuondoka Lindi tena, nayo ilikwenda juu ya vichwa vya watu. Bango lake liko wapi?

Nina rafiki, tulisoma naye ualimu, ambaye huniambia ninatia siasa mahali pasipohitaji. "Bango ni tangazo," husema. "Muuza samaki hataji miiba." Ni kweli, wala sidai bango litaje miiba. Sitaki bango la hoteli lioneshe malaria na barabara ile ya zamani, tulipokuwa tukilala siku mbili kwenye kivuko cha Ndundu tukisubiri Rufiji ipungue, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Lakini muuza samaki, hata awe mwongo vipi, hamwambii mteja kwamba bahari haina wavuvi.

Upande wa pili yupo mjukuu wangu, anasoma chuo Dar es Salaam, naye anasema mabango yote yale ni ya kikoloni, yatolewe ukutani, yachomwe. Huyu namwogopa zaidi, kwa sababu ana hasira ya haki na hana mkono wa kuchora. Ukishachoma, utachora nini, na utajifunza kwa nani? Bibi zake walikuwa werevu kumzidi. Khanga ilichapwa India, ikachapwa Uingereza, ikachapwa Uholanzi, na wanawake wa pwani hawakuichoma. Waliikagua. Isiyowapendeza iliozea dukani, mpaka wachapaji wa ng'ambo wakajifunza kinachotakiwa huku. Na tazama walichopata: pindo linalozunguka, mji katikati wenye picha moja iliyo wazi, rangi mbili au tatu zilizotandazwa bila kivuli, na chini yake jina, maneno machache yanayomchoma jirani. Hilo ni bango. Tena ni bango linalotembea, lina mwenyewe, na linasema jambo. Kila mwanamke anayepita Kivinje asubuhi anajua kanuni ambayo Cassandre aliifanyia kazi.

Hata Kilwa ya kale iliijua. Sarafu zake za shaba ni ndogo kama ukucha wa kidole gumba, lakini upande mmoja zina jina la sultani na upande wa pili maneno ya kumtukuza Mungu, na pande mbili zinaishia kwa vina. Tano kati ya hizo zilikutwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Jinsi zilivyofika huko ni mjadala wa wataalamu. Mimi najiuliza tu ni tangazo gani letu la leo ambalo mtu ataliokota Australia baada ya karne kadhaa akajua limetoka Kilwa.

Maana matangazo yetu ya leo, ndugu msomaji, yananitia haya. Kwa miaka mingi nchi ilijitangaza ugenini, mpaka kando ya viwanja vya mpira vya Uingereza, kuwa ni nchi ya Kilimanjaro, Zanzibar na Serengeti. Kusini hatumo. Hapo ndipo nilipoelewa mlima ule wa hotelini ulipitia njia gani. Mchapaji, popote alipo, aliagizwa picha ya Kilwa iliyo katika Tanzania. Na alichokuwa anajua ni kwamba Tanzania ni mlima. Akautia. Na vipeperushi tunavyotengeneza wenyewe havina nafuu: picha kumi na mbili katika karatasi moja, simba, samaki, gofu, kitanda cha hoteli, ngoma, namba za simu, herufi za aina sita. Mchoraji wa zamani alibanwa na mawe matano akatoa meli moja. Sisi tumepewa rangi zote za dunia, na hakuna anayekumbuka alichokiona.

Na wanaoiga mabango ya zamani wameiga nini? Kama wangeiga kuacha, wangeuacha mlima. Wameiga kutoweka kwa watu tu. Ile sehemu iliyokuwa ngumu, ya kukaa na kitu kimoja mpaka kiseme, imewashinda.

Mtu atasema ni karatasi ukutani, mzee ana kazi gani. Nitaeleza nilichokiona siku ya pili yake. Nilivuka kwenda Kisiwani, kama ninavyofanya kila nikifika. Magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyashikiza. Kazi hiyo ilitaka mikono ya watu wanaokaa pale. Kisiwani ni kijiji. Watu wanavua, wanalima, wanaoa, wanazika. Sasa siku ile palikuwa na mgeni mmoja na kamera yake karibu na ukuta wa Gereza, na wanawake watatu walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta huo, wamepumzika na ndoo zao. Mgeni alimwambia jambo yule kijana anayemtembeza, kwa upole tu, bila ubaya. Kijana akawaendea wale wanawake akasema, "Mama zangu, naomba msogee kidogo, anataka kupiga ukuta."

Wakasogea. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, akajitwisha ndoo, akaenda kukaa juani. Mgeni akapiga picha yake. Ikawa kama bango.

Sikumlaumu mgeni, wala yule kijana ambaye siku hiyo alikuwa na mteja mmoja tu. Lakini tangu hapo sikubali kuambiwa kwamba ni uzuri mtupu usio na gharama. Mgeni alikuwa amekwisha kuiona Kilwa ukutani kabla hajavuka, ikiwa haina mtu, na alipofika akakuta watu akaona ni kosa la kusahihishwa. Wanawake watatu walihamishwa kutoka kivulini mwao ili kisiwa kifanane na karatasi.

Mkono wa kuchora tunao, na tena umetoka kusini. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Alianza kuchora Dar es Salaam karibu na mwaka 1968, kwa rangi za mafuta za kupakia vitu vya nyumbani, juu ya vipande vya mbao laini, na alifariki mwaka 1972. Miaka minne. Alitandaza rangi moja nyuma, akaweka mnyama mmoja au mti mmoja, akanyamaza. Hakuna chuo kilichomfundisha hivyo. Najua kazi zake zimeigwa mpaka zimechosha, na twiga wale wanauzwa kwa mafungu. Hata hivyo chui wa Tingatinga anakutazama. Hajachorwa ili uchukue nafasi yake.

Jioni ile nilirudi hotelini, nikamkuta kijana yuleyule zamu. Nilimwomba kalamu, nikageuza risiti yangu ya chakula, nikachora. Mkono unatetemeka siku hizi, lakini mistari michache ilitosha: Gereza, maji, na ngalawa ikija upande wetu ikiwa na watu wanne na mafungu ya kuni. Nyuma sikuweka kitu. Nikaandika KILWA chini.

Kijana aliitazama kwa muda.

"Babu, huyu wa nyuma ni nani?"

"Nahodha."

"Anashika usukani kwa mkono wa kushoto."

"Ndivyo nilivyomwona akishika leo."

"Basi ni mjomba wangu," alisema. Akaniomba ile risiti, akaichomeka kwenye kioo cha meza, juu ya bei za vyumba. Mlima ulikuwa bado ukutani nyuma yake.